Upande wa Kulia wa Jiwe

Mdogo wangu alipofika Uarabuni kufanya kazi za ndani, kitu cha kwanza alichonikataza ni kumtumia picha za watu.

"Dada, usinitumie sura ya mtu yeyote," aliniambia kwenye simu. "Nikiona sura ya mama nitalia, na nikilia bosi anauliza kulikoni. Nitumie mawe. Nitumie ziwa. Nitumie hata vumbi la kwetu Mwankoko, nitashukuru."

Nikamcheka. Nikamuuliza, wewe umeenda kutafuta maisha au umeenda kuwa mtalii wa kwenu? Lakini nilimtumia. Mimi ambaye simu yangu nilikuwa naitumia kupigia na kupokelea tu, nikaanza kusimama njiani kama mtu aliyepotelewa na kitu, nimeinua simu, napiga picha barabara. Majirani walinitolea macho. Kwetu mtu anayepiga picha ardhi ni dalali au ni mpima viwanja, hakuna wa tatu. Jirani mmoja alikuja mpaka kwa mama kuuliza kama tunauza. Mama alimjibu, "Tunauza, ndiyo. Tunaanza na wewe."

Ndivyo alivyokuwa mama yangu. Mdomo wake haukuwa na likizo.

Picha aliyoipenda mdogo wangu kuliko zote ni ya jiwe la nyumbani. Singida mawe ni mengi, hata mtu hana haja ya kuyasifia, lakini lile ni letu. Liko nyuma ya nyumba, limeipita nyumba kwa urefu, na sisi wote tumeteleza juu yake mpaka tukachana nguo. Kulia kwake kuna jiwe jingine, bapa, limelala chini kama mkeka. Hapo ndipo mama alipokuwa anaanika mlenda. Anatandaza majani, anazungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasije wakafanya karamu, halafu anarudi jikoni kwake, banda la mabua lililo hatua chache kutoka hapo. Maisha yake yote yalikuwa upande ule wa kulia.

Mama hakupenda kupigwa picha. "Mnanipiga picha niende wapi?" Lakini pia hakuwa mtu wa kukaa pembeni. Kila nikipiga lile jiwe, yeye anapita. Kwenye picha hii utaona ndoo na mkono, kwenye ile pindo la kanga, kwenye nyingine kiwiko kimechomoza ukingoni mwa picha, kikali, cha mtu anayetandaza mlenda. Mdogo wangu alikuwa anaandika haraka haraka, maana simu alikuwa anaruhusiwa mchana tu mabosi wakilala: "Nimeona kiwiko cha mama! Kiwiko si sura. Kiwiko ruksa."

Nikimsomea mama, anakasirika na kucheka kwa pamoja. Na Ijumaa walikuwa wanaongea, simu ya mama imewekwa sauti kubwa juu ya kinu, mimi nasikiliza.

Ijumaa moja mdogo wangu hakucheka hata kidogo. Pasipoti ilikuwa kwa bosi tangu siku aliyofika. Nje alikuwa hatoki. Mkataba ulikuwa haujafika hata nusu. Akasema, polepole, kama mtu anayesimulia habari ya mtu mwingine, "Mama, hapa ni ghorofani. Kuna dirisha nafuta vioo vyake. Siku nyingine naliangalia lile dirisha mpaka najiogopa."

Mama alishika simu kwa mikono miwili. Hakupiga kelele, hakumkemea. Alimuuliza leo amepika nini. Akamuuliza wali wa huko unapikwaje, viungo gani, nani amemfundisha. Akamfanya aeleze chakula chote mpaka sauti ya mtoto ikarudi mahali pake. Alipokata simu, akakaa chini palepale jikoni, kanga mdomoni, na mimi nikajua kwamba mama ndiye aliyemshikilia mdogo wangu asianguke.

Halafu mama akafa.

Nasema hivyo kwa sababu ilitokea hivyo. Aliamka, akaswali, akatoka na ungo wa mlenda. Presha alikuwa nayo ya siku nyingi, dawa alikuwa anameza akikumbuka. Nilisikia ungo unaanguka. Nilipofika alikuwa amelala ubavu kando ya jiwe bapa, majani mabichi yametapakaa kifuani. Nilimwita. Jamani, nilimwita mpaka majirani wakaja, na waliokuja ndio walionishika mikono wakaniambia nyamaza, mama hayupo. Alasiri ilikuta tumeshamzika, palepale shambani kwetu, baina ya jiwe bapa na jiko lake, kwa sababu aliwahi kusema yeye haendi mbali. Juu ya udongo tukapanga mawe madogo, na tukatandaza matawi ya miiba mbuzi wasikanyage. Yaleyale matawi yake.

Jioni ileile baba mkubwa alituita mkekani. Baba yetu alikufa sisi tukiwa wadogo, kwa hiyo neno la mwisho nyumbani ni la kaka yake, na kaka yake si mtu wa maneno mengi.

"Yule mtoto asiambiwe," alisema.

Watu wote wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeshangaa, na hata wewe usishangae, maana ndivyo tunavyofanya. Mtu aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa mama anaumwa kidogo, njoo. Akifika, anakalishwa, anapewa maji, mzee mmoja anakohoa, ndipo anaambiwa, na watu wa kumshika wapo pande zote. Mimi mwenyewe nimeshawahi kwenda stendi kumpokea ndugu, nikambebea begi, nikamsimulia habari za mvua njia nzima, huku najua kwamba baba yake yuko kaburini. Ni huruma. Tunaamini ni huruma.

"Lakini huyu haji," nikasema. "Shikamoo baba mkubwa, samahani, lakini huyu hana siku ya kufika. Tutamkalisha wapi? Nani atampa maji?"

"Ndiyo maana asiambiwe." Akaniangalia. Habari ya dirisha alikuwa ameisikia, mama alimweleza. "Ukimwambia, akajitupa, utamzika kwa mikono ipi? Kule hana mtu wa kumshika. Wewe endelea na hizo picha zako. Asione mabadiliko."

Mimi, ambaye nikigombana sokoni watu wanahama meza, nilifunga mdomo kwa sababu nililiona lile dirisha.

Kesho yake nyumba ikiwa imejaa watu wa msiba, wanawake chini kwenye mikeka, wanaume nje kwenye moto wa matanga, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma nikapanda bodaboda mpaka ziwa Singidani kupiga picha ya heroe. Macho yamevimba, sioni vizuri. Ndege walikuwa wengi, wekundu, wanachota tope kwa midomo yao kana kwamba hakuna kilichotokea duniani, na niliwachukia. Nikapiga. Nikatuma. Mchana tiki zikageuka bluu.

"Maji yamepungua," akaandika. "Mama hajambo?"

Nilikaa chini kwenye magadi ya ukingoni mwa ziwa, na sketi yangu nyeusi. Nikaandika, "Hajambo, anakusalimia." Halafu nikarudi msibani.

Tangu siku ile nilizunguka Singida nzima kuikimbia nyumba yetu. Nilipiga soko, kuku wamejazana kwenye matenga wametoa vichwa. Nilipiga chupa za mafuta ya alizeti zilizopangwa barabarani zinang'aa. Nilipiga ziwa Kindai asubuhi, nikapiga mawe yaliyobebana karibu na maji, nikapiga stendi, vitunguu, mnara wa msikiti, punda wa maji, alizeti zilipochipua na alizeti zilipoanza kuchanua. Upepo wetu unaujua, ule wa kufungua milango bila hodi; nilijaribu hata huo kuupiga, kwenye nguo za mitumba zilizoanikwa zinapigana. Watu waliniona mwehu. "Amefiwa na mama yake, sasa anapiga picha punda." Nilisikia kwa masikio yangu. Ningewaeleza nini?

Na uongo nao unataka kulishwa. Ijumaa ilipofika nikasema simu ya mama imeingia maji. Ijumaa nyingine, mama ana mafua, sauti imekauka. Baadaye nikampeleka Kinampanda: mama mdogo anaumwa mguu, mama amekwenda kumuuguza, na kule alipo mtandao wa shida. Mama mdogo, ambaye kwenye maziko alilia mpaka akabebwa, akaumwa mguu kwa amri yangu.

Mdogo wangu hakubisha. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu. "Nitumie jiwe."

Nilichelewesha nilivyoweza. Mwishoni ningekataaje? Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kando ya ukuta wa choo, upande wa kushoto kabisa, nikainua simu. Jiwe likaonekana, na pembeni yake jiwe bapa, na pembeni yake miiba. Nikasogeza simu kushoto. Miiba ikatoka, jiwe bapa bado. Nikasogeza tena, mpaka kwenye kioo kikabaki jiwe kubwa na anga na kipande cha mpapai wa jirani ambao hauna habari na mtu. Nikapiga. Picha ya kwanza ikaharibika, ya pili ikakubali.

Alijibu, "Nzuri."

Nzuri tu. Nikashukuru Mungu.

Nikawa napiga hivyo kila alipoomba. Mguu wangu ulichimba alama pale chini ya ukuta wa choo. Naenda, nasimama, nakata, natuma. Wakati mwingine kabla ya kupiga nageuka kulia na kusema, "Samahani, mama." Wallahi nilikuwa namwomba samahani kwa kumtoa kwenye picha, mtu ambaye alikuwa akiingia bila kuitwa.

Lakini kule upande wa pili mtoto alikuwa anazimika. Yale maneno yake ya haraka haraka yaliisha. "Sawa." "Nimeona." Siku nyingine picha inakaa na tiki moja mpaka kesho yake, na mimi siku nzima siwezi kupima hata mafuta ya alizeti dukani ninapouza. Namwagia nje ya chupa. Mteja anasema, dada vipi? Namfokea. Nikiona tiki moja naliona dirisha. Naona kioo kisafi, amekifuta mwenyewe. Nilimfuata baba mkubwa nikamwambia, sikutoa hata shikamoo, "Atakufa huku tunamlinda." Akasema, "Akijua atakufa leo." Nikalia mbele yake kama mtoto. Na yeye alikuwa amekonda, siku hizo. Sikuwa na nafasi ya kumhurumia.

Ndipo ukaja ujumbe: "Dada, sasa nataka sura. Nitumie sura ya mama. Leo."

Nikaandika, uliniambia nisikutumie sura. Akaandika, "Leo nataka."

Nilipanda basi la Kinampanda.

Mama mdogo ni mdogo wa mama yetu, ameolewa huko, na kwa mbele hawafanani sana. Kwa nyuma ni mtu yuleyule. Mabega yaleyale, mguu wa kushoto unakanyaga nje vilevile. Baada ya arobaini, nguo za mama zilipogawiwa, yeye ndiye aliyepata ile kanga ya kuanikia mlenda, imefifia rangi upande mmoja kwa jua. Nilimkuta shambani. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama mdogo." Kabla hajamaliza kuitikia nikamwambia nilichokijia.

"Unataka nimvae marehemu?" aliuliza. "Una akili wewe? Unataka nisimame kwenye nguo ya dada yangu nimdanganye mtoto wake?"

"Ataruka, mama mdogo."

Alitoka shambani. Halafu akaingia ndani, akatoka amejifunga ile kanga, kifundo kimekaa ubavuni kama alivyokuwa anafunga mama. Akatembea katikati ya alizeti akanipa mgongo. "Piga upesi," akasema. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikasubiri mpaka yatulie kidogo. Nikapiga. Mbele kuna kilima, kuna maua ya manjano mpaka huko, kuna mwanamke mmoja. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Mpaka leo siwezi kuifungua.

Nilipanda kichuguu kutafuta mtandao. Nikaandika, "Huyu hapa, hataki kugeuka, unamjua mama." Nikatuma.

Tiki mbili. Bluu. Halafu kikaanza kile kialama cha mtu anayeandika. Kikazima. Kikaanza tena. Mama mdogo alikuwa amesimama chini yangu anavua kanga taratibu anaikunja. Nilisema moyoni, Mungu wangu, aamini tu, aamini, basi.

Ujumbe ukaingia.

"Mpe mama mdogo pole ya msiba. Na usimvalishe tena mtu nguo za mama."

Sikumbuki nilishukaje kwenye kile kichuguu. Ninachokumbuka ni mama mdogo ameshika simu yangu, hana miwani, anauliza, "Kasemaje? Kasemaje?" na mimi nimekaa kwenye udongo. Simu ikalia tena mkononi mwake. Ujumbe wa pili.

"Kesho nenda kwenye jiwe. Simama palepale unaposimamaga. Halafu sogeza simu kulia."

Usiulize jinsi nilivyofika kesho. Nilimwandikia, nikampigia, tiki moja, tiki moja. Mchana wake, saa ya mabosi kulala, nilikuwa nyuma ya nyumba, mguu umo kwenye alama yake. Baba mkubwa alikuwa kivulini anafikicha tumbaku. "Unafanya nini?" Akaona simu inapoelekea, akasimama. Alikuja mpaka karibu yangu, nikafikiri ataninyang'anya, na nilikuwa tayari kupigana naye, mzee mzima, Mungu anisamehe. Hakuninyang'anya. Upepo ulikuwa umelitupa tawi moja la miiba pembeni. Akaliokota, akalirudisha juu ya kaburi vizuri, akatoka kwenye picha.

Nikasogeza simu kulia. Jiwe bapa, tupu. Miiba. Mawe madogo. Jiko lake, mabua yameanza kulala. Nikapiga, nikatuma.

Hakuandika. Alipiga simu. Mara ya kwanza baada ya siku nyingi kuisikia sauti yake, na nyuma yake maji ya bomba yanamwagika kwa nguvu, ameyafungulia ili wasimsikie.

"Hapo ndipo?" akauliza.

"Hapo ndipo."

"Karibu na mlenda."

"Karibu na mlenda wake, mdogo wangu."

Akalia. Ukilia unazuia sauti unatoka mlio mbaya, sitaki kuusikia tena. Nikamwambia nisamehe, tuliogopa lile dirisha. Na alipoweza kusema, alisema hivi, na mimi nayaandika jinsi alivyoyasema:

"Nilihisi tangu picha ya kwanza ya jiwe. Kiwiko hakikuwepo. Nikasema labda kweli yuko Kinampanda. Ya pili hakuna. Ya tatu nikaona unakata, dada, unakata upande mmoja tu. Nikajua. Kila mchana nafungua simu nasema leo ataniambia. Unanitumia punda. Nimekaa msiba peke yangu, nafuta vioo. Kufiwa kungenitosha. Kilichokuwa kinanipeleka dirishani ni kufiwa peke yangu na nyie mnacheka."

Nilisema tu, "Tupo. Tupo hapa. Unasikia upepo? Tuko naye hapa." Nikainua simu juu asikie.

Baba mkubwa alinyoosha mkono. Nikamwachia simu. Akaiweka sikioni, akasema, "Mwanangu," na hakuendelea. Nikaisogelea nisikie, maana niliogopa ukimya.

Ikatoka sauti ya mdogo wangu, imekwaruza, ndogo, lakini yenye adabu yote aliyofundishwa kwenye ule uwanja tuliosimama.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Baba mkubwa hajawahi kuacha salamu ya mtoto bila kuiitikia. Anaitikia akiwa na chakula mdomoni, anaitikia akiwa na homa. Siku ile alisimama mbele ya kaburi la shemeji yake, simu sikioni, machozi yanamshuka kwenye ndevu, na marahaba haikutoka.